Taa ya mtoto wa shangazi na chipu ya mwaka 1971

Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniuliza kama nimehama Bukoba au nimeacha kuandika. Sijahama wala sijaacha. Nilikuwa na kazi ndogo ya mikono, kazi isiyohusiana na habari ninazoandika kila siku za bei ya kahawa, vikao vya madiwani na ziara za wakubwa. Nilikuwa namsaidia fundi mmoja kutengeneza kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga wa taa. Leo nataka niwaeleze kifaa hicho kinavyofanya kazi, na kwa nini kimenikosesha usingizi.

Najua wapo kati yenu ambao wakiona neno transista wanakimbia. Msikimbie. Nitaeleza kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha nyumbani, polepole, na hesabu zote nitazifanya mbele yenu.

Tuanze na tatizo lenyewe.

Nina ndugu yangu, mtoto wa shangazi, anavua dagaa upande wa Muleba. Kwa asiyeijua Muleba, ukitoka Bukoba mjini unapita Kemondo, unapita Muhutwe, na baada ya zaidi ya kilomita 60 za lami unafika Muleba mjini. Upande mmoja ni vilima, migomba na kahawa. Upande wa pili ni Ziwa Victoria na visiwa vyake: Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na vingine vingi. Watu wengi huko hawalimi chochote. Shamba lao ni maji.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku, na huvuliwa kwa taa. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, maana taa ya mtu haishindani na mwezi. Likija giza, mitumbwi inatoka. Taa zinawekwa juu ya maelea, dagaa wanafuata mwanga, wanajikusanya chini yake, kisha wavu unafanya kazi yake. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Mliokulia mwaloni mnakumbuka harufu ya mafuta ya taa, kelele za kupampu, na kioo kinachopasuka kikipigwa na tone la maji ya baridi. Siku hizi wengi wametupa karabai, wanatumia taa za LED na betri ya pikipiki, betri inayochajiwa mchana kwa umeme wa jua. Ni maendeleo, sikatai.

Lakini betri haina huruma. Mafuta ya taa yakipungua unayaona, unaongeza. Betri inakuangalia tu, halafu inazima.

Tufanye hesabu. Taa ya ndugu yangu ni ya wati 10. Betri ni ya volti 12. Wati 10 ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 0.83. Betri ya pikipiki aliyonayo imeandikwa 7 Ah, maana yake ikiwa mpya na imejaa inaweza kutoa ampea moja kwa saa saba hivi. Sasa 7 gawa kwa 0.83, unapata saa nane na dakika kadhaa. Washa taa saa moja jioni, itazimika saa tisa na kitu usiku. Na hapo umeikamua betri mpaka tone la mwisho. Betri ya risasi na asidi ukiikamua hivyo kila usiku, haimalizi muda mrefu, inakufa. Ukitaka ikae, itumie nusu tu, yaani ampea-saa 3.5. Kwa matumizi hayo taa inawaka saa nne na dakika chache. Saa tano na kitu usiku uko gizani.

Yeye na wenzake walikuwa wanaikamua. Wangefanyaje? Usiku mmoja, saa tisa, taa zote zikawa zimezima, wako katikati ya maji wanakunja wavu, hakuna mwezi. Wakasikia injini ya boti inakuja. Boti ilikuwa na mizigo, inakwenda kasi, na nahodha wake hakuwa na namna ya kujua kwamba mbele yake kuna mtumbwi wenye watu wanne. Wakawasha tochi za simu, wakapiga kelele. Boti ikapinda dakika ya mwisho. Ndugu yangu alinisimulia hayo akicheka, kama wavuvi wanavyosimulia mambo ya kutisha. Mimi sikucheka. Sisi watu wa Kagera tunalijua ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, na mpaka leo hakuna ukoo huku usio na jina la kutaja. Hatuhitaji kukumbushwa kwamba maji yanachukua.

Nikamuuliza: kwa nini usipunguze mwanga? Usiku kucha unahitaji wati 10? Akasema hapana. Mwanga mkali anauhitaji mwanzoni, kuita dagaa. Wakishakusanyika, yeye anaona ni afadhali mwanga upungue kidogo, wanasogea juu na kubanana. Na baada ya kuvuta wavu, anahitaji mwanga mdogo tu wa kuona anachofanya na wa kuonwa na wengine mpaka kunapokucha. Lakini taa yake ina mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Katikati hakuna.

Hiyo ndiyo habari niliyorudi nayo Bukoba.

Hamugembe kuna fundi redio ninayemfahamu tangu nikiwa mdogo. Alianza na redio kaseti, akaja runinga za kichogo, sasa anatengeneza hata chaja za simu. Elimu yake ni darasa la saba. Nikamwendea.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, waitu. Redio gani tena?"

"Leo si redio mzee, ni taa." Nikamweleza yote.

Nikamuuliza kama hatuwezi kuweka resista tu, mwanga upungue. Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyejibu nusu. Akasema inawezekana, lakini resista ni kama kukanyaga breki huku umekanyaga mafuta. Umeme usiotakiwa unageuzwa joto. Kwenye kisanduku kilichofungwa maji yasiingie, joto hilo litakwenda wapi? Halafu kila kiwango cha mwanga kinataka resista yake.

Akachukua feni ndogo ya volti 12, ya kupulizia jiko la mkaa, anionyeshe. Feni ukiipunguza kasi kwa resista, alisema, umeme unaopita kwenye feni ni ule ule unaotoka kwenye betri, na sehemu kubwa ya nguvu unaichoma bure kwenye resista. Uguse, utaungua. Kwa hiyo usiukabe umeme. Uache upite wote, kisha uukate, upite wote, ukate. Nusu ya muda umewaka, nusu ya muda umezima, feni inapata nusu ya nguvu na hakuna kinachochemka. Tena feni ina koili ndani, na koili haipendi kukatiwa umeme ghafla. Ndiyo maana sambamba na mota lazima uweke dayodi, ili ule umeme uliobaki kwenye koili uzunguke humo humo na uendelee kusukuma feni wakati betri imepumzika. Usipoiweka, koili inarusha volti kubwa na kuua transista. Taa ya LED haina koili, haina ugomvi huo.

Sasa kwa taa ni hivi. Swichi ya chumbani kwako ukiiwasha na kuizima mara moja kila sekunde, utaona taa inapepesa. Ukiweza kufanya hivyo mara mia kwa sekunde, jicho linashindwa kufuata. Linaona mwanga mmoja uliotulia, ila hafifu. Ukiacha taa iwake sehemu moja ya tano ya muda, betri inatoa sehemu moja ya tano ya umeme. Na zuri zaidi, jicho la binadamu halipimi mwanga kama mita inavyopima. Mwanga ukipunguzwa mpaka sehemu moja ya tano, wewe utaona kama umepungua nusu hivi. Betri inaokoa kingi, jicho linapoteza kidogo.

Wenye fani huita mtindo huu PWM. Kwa Kiswahili mimi nitasema ni kubadili upana wa mapigo. Idadi ya mapigo kwa sekunde haibadiliki. Kinachobadilika ni kila pigo linakaa muda gani.

Mkono wa mtu hauwezi kazi hiyo. Inafanywa na chipu. Fundi akavuta kopo la maziwa ya unga, akamwaga mezani vipuri, akachambua, akaniwekea kiganjani kitu cheusi chenye miguu minane, minne huku na minne huku. Juu kimeandikwa NE555.

Wasomaji wangu, hiki kidude kina historia. Kilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi wa Uswisi aliyehamia Marekani, akiifanyia kazi kampuni ya Signetics kwa mkataba. Muundo wake wa kwanza ulikuwa na miguu tisa. Akaufikiria tena, akarahisisha, ikabaki miguu minane, na hapo chipu ikawa ndogo na rahisi. Ikaanza kuuzwa mwaka 1972. Camenzind alifariki mwaka 2012, na chipu yake bado inatengenezwa na viwanda vingi duniani. Makadirio ya mwaka 2003 yalisema zinatengenezwa kama bilioni moja kwa mwaka. Mwaka ule wa 1971 mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979, baada ya vita. Chipu hii ina umri kuliko jina la mkoa.

Inafanyaje kazi? Fikiria pipa la maji nyuma ya nyumba. Kuna bomba la kujaza na bomba la kutoa. Kwenye pipa umechora alama mbili: moja kwenye theluthi moja ya kimo chake, nyingine kwenye theluthi mbili. Umemweka mlinzi. Maji yakipanda mpaka alama ya juu, anafungua bomba la kutoa. Yakishuka mpaka alama ya chini, analifunga, pipa linaanza kujaa tena. Kazi yake ni hiyo tu, mchana na usiku. Na kila pipa linapojaa mlinzi ameinua bendera, kila linapotoka ameishusha.

Pipa ni kapasita. Bomba ni resista, na bomba jembamba linachelewesha maji. Mlinzi ni 555. Bendera ni mguu wa 3, ndio unaotoa amri kwa taa: bendera juu, waka, bendera chini, zima.

Sasa angalia uzuri wake. Alama za mlinzi hazikupimwa kwa sentimita, zimepimwa kwa theluthi za pipa. Pipa likiwa fupi, alama zinashuka nalo, na muda wa kujaa na kutoka haubadiliki. Maana yake betri ikishuka kutoka volti 12.7 mpaka 12, mapigo hayayumbi. Kwa mtu anayetumia betri, hilo ni jambo kubwa.

Fundi alianza kwa kunichorea saketi ya chipu mbili. Chipu ya kwanza inapiga ngoma tu, pigo baada ya pigo kwa mwendo mmoja. Ya pili inasikia kila pigo na kujibu kwa kuwasha taa kwa muda fulani, na muda huo unaurefusha au kuufupisha kwa kubadilisha volti kwenye mguu wake wa 5. Ni muundo mzuri, na unafaa kama unataka mashine nyingine, si mkono wa mtu, iamue mwanga. Lakini tulipokaa tukafikiria mtumbwi, unyevunyevu, mikono yenye magamba ya dagaa na fundi wa kisiwani atakayeufungua siku ukiharibika, tukachagua ya chipu moja. Vipuri vichache, viungo vichache vya kuingia kutu.

Katika chipu moja ujanja uko kwenye dayodi mbili na kitasa cha volyumu. Dayodi ni mlango wa kupita upande mmoja. Moja inaruhusu maji ya kujaza tu, nyingine maji ya kutoa tu. Kitasa cha volyumu kiko katikati yao. Ukikizungusha kulia, bomba la kujaza linarefuka na la kutoa linafupika kwa kiasi kile kile. Jumla haibadiliki. Kwa hiyo mwendo wa mapigo unabaki pale pale, ila muda wa bendera kuwa juu unaongezeka. Ukizungusha kushoto, kinyume chake.

Kwa wanaotaka kujaribu, hizi hapa tulizotumia. Mguu wa 1 kwenye hasi, wa 8 na wa 4 kwenye chanya. Miguu ya 2 na 6 imeunganishwa pamoja, kutoka hapo kapasita ya nanofaradi 10 inakwenda hasi. Mguu wa 5 nao unapewa kapasita ya nanofaradi 10 kwenda hasi, utulie. Kutoka chanya kwenda mguu wa 7 kuna resista ya ohmu 1,000. Mguu wa 7 unakutana na dayodi mbili za 1N4148, moja imeelekea nje na moja imeelekea ndani, na kila moja inakwenda ncha yake ya volyumu ya ohmu 100,000. Mguu wa kati wa volyumu unarudi kwenye 2 na 6. Mguu wa 3 unapita kwenye resista ya ohmu 100 na kuingia kwenye geti la mosfeti IRFZ44N, na kutoka geti kwenda hasi kuna resista ya ohmu 10,000 ili mosfeti isibaki imefunguka bila amri. Taa inakaa kati ya chanya ya betri na mosfeti. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri.

Mwendo wa mapigo unapigiwa hesabu hivi: 1.44 gawa kwa ohmu zote mara faradi. Ohmu ni 101,000, kapasita ni faradi 0.00000001. Jibu ni kama 1,426, tuseme mapigo 1,400 kwa sekunde. Jicho halioni chochote hapo. Na mosfeti haichemki hata kidogo, unaigusa ni ya baridi, kwa sababu ikiwa imefunguka inakuwa kama waya, na ikiwa imefungwa hakuna kinachopita. Chipu yenyewe inakula kama miliampea 10, ambayo mbele ya ampea 0.83 ya taa ni makombo.

Onyo moja. Taa iwe ya LED ya kawaida ya volti 12, zile zenye resista ndani. Zipo taa zenye saketi yake ndani ya kusawazisha umeme. Hizo ukizikatia umeme mara 1,400 kwa sekunde zinachanganyikiwa, zinaweza kupepesa au kuharibika.

Sasa turudi kwenye ampea-saa zetu 3.5. Saa tatu za mwanga kamili ni 0.83 mara 3, kama 2.5. Imebaki 1. Kwa sehemu moja ya tano taa inakula ampea 0.17, kwa hiyo hiyo 1 inatosha saa sita. Tatu na sita ni tisa. Kutoka saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri, bila kuikamua betri kupita nusu. Betri ile ile, taa ile ile. Hatukuongeza hata wati moja. Hakuna muujiza hapa, na anayekuambia kifaa kama hiki kinazalisha umeme anakudanganya. Tumeacha tu kutumia tusichohitaji.

Vipuri vyote, ukiacha taa na betri, havikufika shilingi elfu kumi, na vingine vilitoka kwenye mashine zilizokufa. Kisanduku ni kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha. Shimo la kitasa tulilivisha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, na saketi fundi aliipaka vanishi mara mbili dhidi ya unyevu.

Nikaipeleka Muleba. Tulijaribu kwanza nchi kavu, nyuma ya nyumba ya shangazi. Ndugu yangu alizungusha kitasa, akatazama, akazungusha tena. Hakuamini kwamba taa inazimika na kuwaka mara elfu moja na mia nne. Nikamwambia aitazame kupitia kamera ya simu yake. Mistari myeusi ikaonekana inapita juu ya mwanga, mmoja baada ya mwingine. Jicho lilikuwa linadanganyika, kamera haikudanganyika. Akaniambia, "Kumbe ipo gizani muda mwingi kuliko inavyowaka." Ndiyo, ndugu yangu, ndivyo ilivyo.

Usiku ule tuliiacha ikiwaka kwa ratiba yetu, saa tatu kali, saa sita hafifu. Shangazi alilalamika kwamba mbwa hawakulala. Saa kumi alfajiri taa bado inawaka. Tuliizima, tukaiacha betri ipumzike, asubuhi mita ikasoma volti 12.1. Karibu na nusu, kama hesabu ilivyosema. Shangazi, ambaye hakuuliza lolote kuhusu chipu wala mapigo, alisema neno moja tu: "Basi nitakuwa naiona taa yake mpaka asubuhi." Nyumba yake iko juu kidogo, na usiku wa giza taa za wavuvi anaziona kama mji. Sikujua kwamba huwa anazihesabu.

Sasa nimalizie na jambo ambalo limenikaa moyoni.

Mapigo haya tunayazungumza kama kitu kigeni, lakini yako ndani ya nyumba zetu. Simu nyingi zinapunguza mwanga wa kioo kwa mtindo huu huu. Vidhibiti vingi vya bei nafuu vya sola, vile vidogo vyenye taa nyekundu na kijani, vinachaji betri kwa mtindo huu. Tumezungukwa nao. Tunanunua, kikiharibika tunatupa, tunanunua kingine. Na mimi mwandishi nimeandika habari nyingi za teknolojia ambazo ukizisoma vizuri ni habari za mtu fulani kukabidhi kitu fulani kwa watu fulani, na picha ya kupeana mikono. Kitu chenyewe kinafanyaje kazi? Hakuna aliyeuliza.

Sekondari tulisoma fizikia kwa Kiingereza. Tulikariri kapasita ni nini na tukajibu mtihani. Fundi wangu wa darasa la saba hakukariri. Yeye alifungua, akaunguza, akafungua tena, na leo anaweza kumweleza mvuvi 555 kwa pipa la maji, na mvuvi akaelewa kwa dakika kumi. Nani kati yetu ana elimu ya umeme? Sisemi Kiingereza kitupwe. Karatasi ya maelezo ya chipu hii imeandikwa kwa Kiingereza na fundi mwenyewe huniita nimsomee namba anazozitaka. Ninachosema ni kwamba maarifa yakishafika hapa, lazima mtu ayaandike kwa lugha ambayo kijana wa Goziba atayasoma bila kumwita mtu. Chipu yenyewe ina zaidi ya miaka hamsini. Kwa muda wote huo hatukukosa chipu, tumekosa maelezo.

Kwa hiyo fundi amechora saketi yote nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kila kipuri na jina lake kwa Kiswahili, na mimi nimeinakili mara tatu kwa mkono safi. Nakala moja iko kwake Hamugembe. Moja imekwenda mwaloni na ndugu yangu, kwa sababu kuna kijana pale anayechaji simu za watu kwa sola na ameomba ajifunze. Ya tatu ninayo mimi.

Wiki ijayo giza linaanza. Taa nne zinaingia majini. Tuwaombee upepo mzuri, na nikirudi Muleba nitawaambia betri zimesemaje.

Kwa leo niishie hapo.